Kokwa ya Mia na Nane

Vidole vya Mama Manchha vilipokataa kukunjika,
vikawa kama tangawizi iliyosahauliwa kabatini,
aliita kupitia ukuta: Mwanasiti, njoo unihesabie.

Nilikuwa na miaka tisa. Yeye sabini na kitu.
Na mwenye chumba, yule wa kwenye picha,
alikuwa na tisa pia, wala haongezi.

Mama alifikiri mpaka chai ikapoa.
Akasema: Hesabu haina dini. Nenda.
Ila usile kilichowekwa mbele ya picha.

Basi kila alfajiri, watu wa Shela wakishatoka msikitini,
nilikaa kizingitini, nusu yangu ndani, nusu barazani,
na kokwa za ukwaju ndani ya kopo la Kimbo,
mia na nane, zimesuguliwa zikang'aa kama macho ya panya.
Moja itoke kopo hili, iingie lile. Tik.
Moja. Tik.

Maneno yenyewe sikuambiwa.
Yalikuwa matatu, mafupi kuliko jina langu.
Alisema hupita mdomo kwa sikio, basi;
ukiyatoa mlangoni yanachacha kama maziwa.
Lakini macho nilikuwa nayo.
La kwanza lilifungua mdomo
kama wa mtu anayetaka kumwita mbuzi, akaghairi.
La pili lilibana ulimi juu, kama anayeonja ndimu.
La tatu lilikuwa pumzi tu, ile ya kuzimia kibatari.
Mbuzi, ndimu, kibatari.
Mbuzi, ndimu, kibatari.
Mpaka leo sijui zaidi ya hapo,
na ningejua nisingeandika.

Kigori wa pichani alikalia yungiyungi, nguo nyekundu,
mikono minne: mmoja kitabu, mmoja tasbihi,
mmoja wa kutoa, mmoja wa kusema usiogope.
Mimi niliwaza mdako tu.
Kwa mikono ile angetufilisi kokoto mtaa mzima.

Siku moja, tumefika mia na saba,
kokwa ya mwisho nilikuwa nimeitia mdomoni.
Sijui kwa nini. Ilikuwa laini.
Nikapiga chafya, ikashuka.

Sikusema.
Nilisubiri mti uniote tumboni.
Siku kumi na tisa Mama Manchha akasoma mia na saba,
akafumbua macho, akashukuru, akaenda kuchemsha maziwa,
na mbingu haikuanguka.
Mzee Jivanlal aliuza misumari na kamba kama kawaida.
Maji tu yalikatika Jumanne na Jumatano,
nikajua ni mimi.

Nilipoungama alicheka mpaka akashika ukuta.
Unadhani yeye hajui kuhesabu? akasema.
Mtoto huyo. Huficha vitu.
Juzi kaficha miwani yangu kwenye unga.
Labda ndiye aliyekutuma uimeze.
Akanifungua kiganja, akanitilia siro ya moto,
samli, zabibu, iliki.
Sikuuliza ilikuwa imewekwa wapi kabla.
Nyumbani Mama alininusa shavuni,
naye hakuuliza.

Kesho yake kulikuwa na kokwa mpya koponi,
nyeusi kuliko wenzake, haijazoea vidole.

Sasa hawapo. Mzee alizikiwa moto,
mama akachukuliwa na mwanawe, kwenye baridi.
Duka ni la Mtaliano, aiskrimu rangi kumi na mbili,
na ukuta ule wa picha umeegemewa na friji
inayonguruma kwa sauti moja tu, haichoki.
Binti yangu huchagua ya ndimu, kila mara,
kisha hubana ulimi juu.

Mimi husimama nyuma yake foleni.
Midomo inacheza. Muuzaji huuliza: Umesemaje, dada?
Hakuna. Nahesabu.
Kumi na tisa nadaiwa,
na kila nikikaribia kumaliza
foleni inasogea, nasahau nilipofika,
naanza tena.